Mikoko ya Ngomeni imerudi. Kaa na kamba mbona hawajarudi?

#1 MwanaNgomeni
Asalaam aleikum wana jukwaa.

Nina swali limeninyima raha tangu bamvua iliyopita, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Kikundi chetu hapa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kinapanda mikoko huu mwaka wa saba. Tulianza watu kumi na wanne, wanawake tisa na wanaume watano, kwenye upande ule ambao miti ilikatwa zamani ukabaki uwanda mweupe wa chumvi na tope lililopasuka. Leo ukisimama juu ya tuta unaona kijani mpaka ukingo wa mkondo. Mkoko umepita kimo changu na mizizi yake ya pembeni imeanza kushuka. Wageni wakija hupiga picha, wakatupongeza, wakaenda.

Mimi ni mvuvi. Sikupanda miti ili ipigwe picha. Wazee walituambia kabla hata mradi haujafika: kamba huzaa baharini, watoto wake huja kulelewa huku kwenye maji ya mikoko, wakikua hurudi nje. Rudisha mti, kitoweo kitafuata. Nimengoja. Usiku wa juzi nimetega toka maji yakiwa nusu mpaka yalipopwa, nikapata kamba wasiojaza kopo la samli, na kaa wawili. Mmoja alikuwa jike lenye mayai, nikalirudisha. Baba yangu, kwa mkondo huu huu, alikuwa akirudi na kapu ambalo sisi watoto tulilibeba wawili.

Sasa nauliza kwa moyo safi: tumekosea wapi? Au ni mapema? Watu wa Mambrui, Mida, Lamu, hata Gazi kule Kwale, nipeni mlichokiona kwa macho yenu.

#2 Kijana_wa_Maweni
Kaka swali zuri. Mimi niko Malindi mjini, sijui chochote kuhusu mikoko ila nakula kaa. Nafuatilia.

#3 Fundi_Boriti
Waalaikum salaam. Mimi ni mtu wa Matondoni, Lamu. Kazi yangu boriti, na ya baba yangu, na ya babu.

Kabla hujauliza kaa wako wapi, mimi nakuuliza mmepanda mti gani. Ukisema "mikoko" tu ni kama kusema "samaki". Kenya ina aina tisa. Mlilana hukaa mbele kabisa, ndio unaopokea mawimbi, na fundi wa mashua huutaka kwa mataruma, yaani mbavu za mashua. Nyuma yake mkoko wenyewe. Kisha muia. Kisha mkandaa, huo ndio wa fito na pau. Mkomafi uko juu huko. Mchu utaukuta mbele na utaukuta nyuma, kwa sababu unastahimili chumvi kuliko wenzake.

Karibu kila mradi niliouona mimi umepanda mkoko mtupu. Sababu naijua: mbegu yake ni ndefu, inaokoteka, unaichomeka kwenye tope na jioni unaonekana una shamba. Mchu mbegu yake mfano wa haragwe, maji yanaibeba. Mlilana mbegu zake ndogo ndogo ndani ya tunda, hizo bila kitalu huzipati. Kwa hiyo watu hupanda kilicho rahisi kushika, si kile ambacho mahali pale palikuwa nacho.

Nijibu hilo kwanza, tuendelee.

#4 SabakiDamu
Wa Lamu mmeshaanza. Kila uzi wa mikoko lazima mje na ufundi wenu 😀

#5 Fundi_Boriti
#4 tutaacha vipi ndugu yangu? Mikoko ya Kenya ni kama hekta elfu 61, na zaidi ya elfu 37 ziko Lamu. Kilifi yote, Malindi ikiwa ndani, haifiki elfu 9. Mwenye ng'ombe wengi ndiye huulizwa habari ya maziwa.

#6 MwanaNgomeni
Fundi, umenipata. Ni mkoko karibu wote. Kuna fungu dogo la mchu upande wa kaskazini, lakini hilo hatukulipanda, lilijiotea. Mlilana hatuna hata mmoja.

Lakini nielimishe: kamba mtoto anajua tofauti ya mti?

#7 KaaWaTope
Mimi nanenepesha kaa kwenye vizimba, na nimekuwa kwenye kazi hii miaka kadhaa, kwa hiyo nijibu upande wangu kwanza kwa sahihisho dogo kwenye #1. Jike la kaa wa tope likishatoa mayai nje, yale yanayoshikana chini ya mkia, huwa limeshaondoka kwenda bahari kuu. Mabuu yake hayaishi kwenye maji yaliyochanganyika na ya mto, yanataka chumvi kamili. Huku ndani utaliona jike limejaa ndani ya gamba, ile rangi ya machungwa unayoiona ukilifungua. Hayo watu huyaita mayai, lakini bado hayajatoka. Uliona lipi?

Hili si neno la kubishana tu. Kama kweli lilikuwa na mayai nje na liko mkondoni, basi lilikuwa njiani kutoka, na hiyo ni habari njema.

#8 MwanaNgomeni
Lilikuwa na mayai nje, chini ya mkia, rangi ya machungwa yanayoelekea hudhurungi. Na sikuwa ndani sana, nilikuwa karibu na mlango wa mkondo pale maji yanapokutana na bahari. Kwa hiyo maelezo yako yanakubali.

#9 KaaWaTope
Basi Mungu akuzidishie kwa kulirudisha. Jike moja hubeba mayai kwa mamilioni.

Sasa kuhusu swali lako la #6. Kamba mtoto hajui jina la mti, anajua maficho na chakula. Lakini kaa anachimba, na tope la chini ya mkandaa silo tope la chini ya mkoko. Mimi nikienda na chuma changu kutafuta mashimo wakati wa bamvua, siendi popote palipo kijani. Naenda pale tope linapozama mpaka goti na kingo za vijito zimejikata. Shamba la mikoko lililopandwa kwa mstari, mita kwa mita, halina vijito. Maji yanaingia kama kwenye sinia na kutoka kama kwenye sinia.

#10 BintiMambrui
Hapo kwa maji ndipo penyewe. Ila mimi nitasema tope.

Nimezaliwa Mambrui. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki unafika kwetu rangi ya chai ya maziwa. Msimu wa kusi mkondo wa bahari unalisukuma lile tope kaskazini, kwetu, na kuelekea kwenu Ngomeni. Msimu wa kaskazi linarudi kusini linaingia ghuba ya Malindi. Ndio maana Malindi mjini ufuo umeongezeka, majengo yaliyokuwa karibu na maji leo unatembea mchangani mpaka uchoke ndipo ulowe miguu. Mzee yeyote wa Shella ya Malindi atakueleza.

Mchu hupumua kwa vile vijiti vinavyochomoza ardhini kama penseli. Tope likija kwa wingi siku mbili tatu likavifunika, mti unakufa umesimama. El Niño ya 1997 na 1998 iliua mikoko kwa namna hiyo, Mwache kule Mombasa walipoteza eneo kubwa. Mwishoni mwa 2023 mvua zilipokuja tena nilikwenda kutazama mlango wa mto kila asubuhi, roho juu. Kwa hiyo MwanaNgomeni, unaweza kupanda sawasawa na kila kitu, na bado shamba lako liamuliwe na mtu aliyelima ukingo wa mto kilomita mia tatu kutoka hapa.

#11 Kijana_wa_Maweni
Sabaki si inatoka Tsavo? Huko ni mbuga, nani analima?

#12 BintiMambrui
Hapana. Mto Tsavo unaingia tu. Mto wenyewe ni Athi, unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, unapita Ukambani, ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, huku chini ndio Sabaki. Mto mmoja majina matatu.

#13 Mkulima_Machakos
Habari za huko pwani. Nimeingia kwa sababu ya #10 na nimeona niseme neno.

Huo udongo mnaoulalamikia ni shamba langu. Hakuna mtu wa Machakos anayefurahi kuona ardhi yake ikienda Malindi. Sisi ndio tuliochimba fanya juu, yale matuta ya kuzuia udongo, toka enzi za babu zetu, kilima kizima kimekatwa ngazi kwa jembe la mkono, na akina mama ndio walichimba zaidi. Shida ya siku hizi si mkulima peke yake. Mchanga unazolewa kwenye mito kwa malori usiku na mchana, kingo zinaporomoka. Na kuna maji machafu ya mjini yanayoingia Athi, hayo nayo mnayapokea nyinyi.

Isitoshe kuna bwawa la Thwake linajengwa pale Thwake inapoingia Athi. Likijaa, tope jingi litabaki humo. Je, huo utakuwa mwisho wa shida yenu, au mtakuja kulalamika kwamba tope halifiki?

#14 BintiMambrui
Mkulima, nimekusikia na samahani kama nilisema kama vile mnafanya makusudi. Hiyo habari ya fanya juu naijua, mume wangu kwao ni Kangundo.

Na swali lako la mwisho ni zito kuliko unavyodhani.

#15 MzeeWaBamvua
Ni zito kweli, kwa sababu tope ndilo chakula. Hili vijana hamlisemi. Ghuba ya Ungwana ina kamba kwa nini, na Watamu penye maji safi ya kuona kidole cha mguu haina kamba namna ile? Ni Tana na Sabaki. Mito miwili inashusha udongo na majani yaliyooza, kamba anakula humo. Tope likizidi linaua, likikosekana linaua. Babu zetu hawakuomba Sabaki iwe safi.

Mimi nadhani mnatafuta ndani kitu kilichopotelea nje. Kamba mzazi yuko bahari kuu. Akishikwa yeye, mtoto atatoka wapi aje kulelewa kwenye mikoko ya MwanaNgomeni? Meli za kukokota nyavu zilikuwa zikipita hapa usiku taa zake tunazihesabu. Zikasimamishwa 2006. Ile miaka iliyofuata sisi wa mashua tuliona tofauti, sisemi kwa kusikia, nilikuwa nikienda mwenyewe. Zikarudi 2011 kwa mpango mpya, wenye miezi ya kufunga toka Novemba mpaka Machi. Mikoko haiwezi kulea mtoto asiyezaliwa.

#16 ChumviNaMaji
Mzee wangu heshima yako, lakini na sisi wa mashua tujitazame. Juya, ule wavu wa kukokota ufuoni, limepigwa marufuku toka 2001. Nani hapa atasema hajaliona likivutwa mlangoni mwa mkondo mwaka huu? Tundu zake chandarua. Linabeba kamba wa ukubwa wa punje ya mchele. Meli ikae nje, sisi ndani tunamaliza watoto.

#17 MzeeWaBamvua
Sikatai. Nimeliona, na mmoja wa wavutaji ni mtoto wa dada yangu. Nimemwambia, ananijibu ana watoto watatu na hana mashua ya kwenda nje. Nimebaki sina la kumpa ila maneno.

#18 ChumviNaMaji
Nirudi kwa MwanaNgomeni na ule uwanda mweupe wa chumvi. Kabla hamjapanda, mlijiuliza kwa nini miti haikurudi yenyewe? Mbegu zinapita hapo kila bamvua.

Kwetu upande wa Gongoni tulikuwa na mahali kama hapo. Tulipanda mara tatu. Mara ya kwanza miche yote ilikufa kabla ya mwezi. Ya pili tukamwagilia maji kwa ndoo, naona uchungu hata kusimulia, akina mama wajawazito wanabeba ndoo kwenye jua la Februari. Ikafa. Ya tatu mzee mmoja akatuuliza: hilo tuta ni la nini? Lilikuwa tuta la mashamba ya chumvi yaliyoachwa zamani, limesahaulika, limeota magugu. Maji ya kujaa yalikuwa yanalizunguka, yanaingia siku mbili za bamvua tu, yanatuama, yanakauka, yanaacha chumvi juu ya chumvi. Hakuna mche unaoishi hapo hata ukiusomea dua.

Tukaomba ruhusa, tukakata tuta sehemu mbili kwa jembe na sururu. Kazi ya siku kumi na moja. Tukafuata alama ya kijito cha zamani, kwa sababu ukitazama vizuri wakati jua limelala unaona ardhi imebonyea pale kilipopita. Hatukupanda kitu. Mwaka wa kwanza hakuna. Mwaka wa pili mchu ukajiotea kando ya mfereji, mwembamba, kama mtu aliyemwaga kunde. Sasa kuna mahali huwezi kupita.

Kwa hiyo mimi sisemi mti gani, nasema maji yanapita wapi.

#19 JahaziLaKusi
#18 ruhusa mliomba kwa nani? Kwetu tumezungushwa. Ofisi moja inasema nenda nyingine.

#20 ChumviNaMaji
Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali toka 1932, hata ikiwa mlangoni kwako. Kwa hiyo lazima upitie watu wa misitu, na kama kuna mwenye leseni ya ardhi ya jirani, yeye pia. Ushirika wa jamii wa misitu uliosajiliwa unasaidia, peke yako hawakusikilizi. Sisi ilichukua miezi minane.

#21 Fundi_Boriti
1932 hiyo ndiyo ninayoijua kwa uchungu. Nitoke nje ya mada kidogo mnisamehe. Babu yangu alikuwa akipakia korja za boriti, kila korja miti ishirini, kwenye majahazi ya Uarabuni, kaskazi inawaleta, kusi inawarudisha. Kuuza nje kukafungwa 1982. Sawa, tukauza ndani. Februari 2018 ukataji wote ukasimamishwa nchi nzima, ukatukuta na mizigo imeshakatwa iko msituni. Ndugu zangu, nyumba za mawe za Lamu vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua upana wake. Mji mzima umepimwa kwa mti huu. Halafu mtu anakuja kunifundisha kwamba mti una faida ukiwa umesimama tu.

Mkataji anayejua kazi haachi uwanda. Anachagua, anaacha mama wa mbegu, anahama. Tulioacha uwanda si sisi.

#22 KaaWaTope
Fundi nakuheshimu lakini nimepita Lamu pia, kuna mahali pamekatwa pakabaki visiki vitupu. Si wote wanachagua.

#23 Fundi_Boriti
Kweli. Si wote.

#24 MamaChaza
Salaam. Nimesoma kurasa zote nikiwa nimekaa mlangoni nangoja maji yapwe, sasa nami niseme. Niko Mida. Nachukua chaza na tondo, wale konokono wa tope la mikoko, toka nikiwa msichana.

Wanaume mmezungumza kaa, kamba, meli, boriti. Hakuna hata mmoja aliyetaja kitu kinachookotwa kwa mkono, na hicho ndicho kinachofika kwenye sufuria siku ambazo mashua imerudi tupu. MwanaNgomeni, wale wanawake tisa wa kikundi chako uliwauliza wanaona nini? Au uliuliza nyavu zako tu?

Nikuambie tunavyotazama sisi. Wa kwanza kurudi si kamba. Ni tondo. Mahali palipokufa hutaona hata mmoja. Panapoanza kupona unaona wadogo, wametapakaa juu ya tope, wanakula ule utando wa juu. Baadaye unaona wakubwa wenye urefu wa kidole cha kati, na hao wanakula majani yaliyoanguka. Nimekaa nikatazama jani moja la mkoko limeangukiwa na tondo saba, wamelizunguka kama watoto kwenye sinia, mpaka likabaki mshipa. Basi hapo najua miti sasa inalisha. Chaza huja baadaye kabisa, mzizi uwe mnene na maji yauguse kila siku. Mzizi wa miaka saba bado ni mtoto.

Na hapa niseme letu. Wapo mama zetu wanaokata mzizi mzima ili kutoa chaza, kwa haraka, wanakwenda kuvunjia nyumbani. Ule mzizi haurudi. Tumeanza kukatazana. Kisu chembamba kinatosha, unakifungua palepale na gamba la chini linabaki.

#25 Kijana_wa_Maweni
Mama Chaza hapo kwa tondo saba kwenye jani nimeliona kabisa. Tondo wanapikwaje?

#26 MamaChaza
Chemsha na ganda lake, mkato wa nyuma uvunje, toa nyama kwa mwiba au pini, osha kwa chumvi mara mbili utoke ute. Kisha tui. Tui zito mwanangu, usiweke nyanya nyingi.

#27 SabakiDamu
Nyanya kidogo inakubali mama 😀 Ila kwa kaa ndipo siwezi kukubali nyanya. Kaa ni ndimu na pilipili ya kukaanga.

#28 KaaWaTope
Uzi umeingia jikoni, turudi.

#29 BintiMambrui
Kuna kitu Mama Chaza amekigusa. Kwenye kupanda kwetu, siku ya wageni wanakuja watu mia mbili wenye fulana, kila mmoja anachomeka miche yake mitano, wanaondoka. Wanaorudi kung'oa takataka zilizojisokota kwenye miche, kupandikiza iliyokufa, kufukuza mbuzi, ni wanawake wanane na bila malipo. Halafu ripoti inahesabu miche iliyopandwa siku ile. Hakuna anayerudi mwaka wa tatu kuhesabu iliyo hai. Mimi nimeshauriwa nisilete neno hili kwenye mkutano, nalileta hapa.

#30 JahaziLaKusi
Ndio maana Gazi wamefika mbali. Mradi wao wa Mikoko Pamoja ulianza 2013, hekta 117 tu, wanauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko, na pesa inaingia kwenye maji ya bomba na shule kijijini. Mtu akipata faida kwa mti uliosimama anarudi kuuhesabu. Ngomeni na Lamu tufanye hivyo hivyo.

#31 MzeeWaBamvua
Mwanangu, kaboni haipikwi. Sikatai pesa ya maji na shule, hizo ni baraka. Lakini MwanaNgomeni ameuliza kuhusu kamba. Kaboni inalipa mti ukikua, hata kama chini yake hakuna kiumbe.

#32 JahaziLaKusi
Mzee, hewa hiyo sehemu kubwa iko kwenye tope, si kwenye mti tu. Tope likiwa hai, kaa yuko. Vinakwenda pamoja.

#33 MzeeWaBamvua
Vinakwenda pamoja mara nyingine. Yeye ana mti miaka saba.

#34 Mwana_wa_Pate
Kwetu Lamu jambo jingine halijasemwa. Unaweza kulea mkondo wako vizuri kisha bandari ikachimbwa mbele yake. Ghuba ya Manda ilipochimbwa wavuvi walikwenda mahakamani, na 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Meli ya kwanza ikafunga gati Mei 2021. Mimi napanda mikoko upande wa Pate na wanawake wa kijiji, na hatujaacha, lakini maji ya kusi yakipiga naona rangi ambayo sikuikuta utotoni. Sisemi ndiyo sababu yenu Malindi. Nasema msiutazame mkondo wenu peke yake.

#35 Fundi_Boriti
Pate wanafanya kazi, nimewaona. Wamefungua vijito vilivyoziba, si kupanda tu.

#36 KaaWaTope
MwanaNgomeni upo? Tumekujazia kurasa, wewe kimya.

#37 MwanaNgomeni
Nipo. Nilikwenda kutazama.

Nilimchukua shangazi yangu, ni mmoja wa wale tisa, na Mama Chaza nisamehe, kweli sikuwa nimewauliza. Aliniambia kwa sauti ya kawaida tu, "Hatukuambii kwa sababu hujauliza." Tulikwenda maji yalipopwa kabisa, bamvua ya mwezi mpya. Tukaanza kwenye shamba la mkoko tulilopanda. Tope gumu, unaweza kutembea na viatu. Tondo tuliohesabu kwenye eneo la hatua kumi kwa kumi walikuwa wanne. Kaa wadogo wale wenye gando jekundu wapo, wengi, na wameshakata miche mipya iliyojiotea chini, shina limebaki kama limekatwa kwa wembe.

Kisha tukaenda kwenye lile fungu la mchu lililojiotea kaskazini, ambalo hakuna aliyelipanda. Nilizama mpaka nusu ya muundi. Kuna kijito chembamba kinapita katikati, upana wa mkeka. Tondo sikuweza kuwahesabu, shangazi alihesabu mpaka sitini akaacha. Na ukingoni, mashimo mawili ya kaa, makubwa, na tope jipya limetolewa nje bado linang'aa.

Nyuma ya shamba letu kuna tuta. Limekuwepo siku zote, tunapanda juu yake kupiga picha.

#38 ChumviNaMaji
Subhanallah. Tuta hilo liko upande gani wa kijito cha zamani?

#39 MwanaNgomeni
Ndicho nitakachotazama kesho jioni, jua likilala kama ulivyosema.

#40 MzeeWaBamvua
Tazama, na ufungue kama ni la kufunguliwa. Lakini na mimi nasimama nilipo: mlango ukifunguliwa bado atatakiwa wa kuingia.

#41 MamaChaza
Tondo wa kwenye mchu walikuwa wadogo au wakubwa?

#42 MwanaNgomeni
Wadogo wengi, kama kidole gumba. Wakubwa wachache, karibu na kijito.

#43 MamaChaza
Wachache wanatosha kuanzia. Nakuja bamvua ijayo na binti yangu, tuhesabu pamoja na shangazi yako. Tutahitaji mahali pa kulala usiku mmoja na ndoo mbili.

#44 MwanaNgomeni
Nyumbani pana nafasi. Ndoo zipo.